Mama wa Komunike

Ukifika mbele ya dirisha lake unalia, hakukupa pole. Alikuuliza kwanza jina la marehemu, halafu jina la yule anayepaswa kupata habari, halafu kijiji. Ukizidi kulia, alikuonyesha mlango kwa kalamu.

"Enda ulilie inje," alisema. "Humu ndani tunaandika. Ukimaliza urudi, utanikuta."

Watu wengi walimchukia siku hiyo ya kwanza. Baada ya wiki moja au mbili walirudi kumshukuru, wengine na ndagala kavu waliofungwa katika karatasi, kwa sababu ndugu zao walikuwa wamesikia na wamewahi mazishi. Aliwapokea ndagala bila kutabasamu, akawaweka ndani ya sakoshi yake ya begani, na mchana kutwa alikuwa akiwatafuna mmoja mmoja huku anaandika. Chumba chake kilinuka samaki na wino.

Tulifanya kazi pamoja miaka mingi katika redio ya serikali hapa Kalemie, mimi kwenye mikro, yeye kwenye chumba kidogo cha mbele ambako watu walileta matangazo yao. Matangazo hayo tunayaita komunike: fulani amefariki, fulani anatafutwa, boti ya Mpala itaondoka Alhamisi badala ya Jumatano, mbuzi mweusi amepotea karibu na soko. Aliyaandika, kisha akayasoma mwenyewe hewani saa saba mchana na saa kumi na mbili jioni. Mji mzima ulimwita Mama wa Komunike. Jina lake lingine nalijua, lakini hata watoto wa mtaani kwake hawakulitumia, na mimi sitaanza leo.

Maneno aliyakata bila huruma. Siku moja alikuja bwana mmoja wa biro kubwa ya serikali na kurasa mbili zilizopigwa mashine, zimejaa vyeo vya kaka yake aliyekufa. Mama alisoma yote kwa utulivu, akachukua kalamu, akafuta mistari hadi ikabaki minne.

"Mama, marehemu alikuwa mukubwa," yule bwana akasema.

"Alikuwa. Sasa anangoja watoto wake wa Nyunzu wapande treni. Treni haingoje vyeo."

Akishamaliza kuandika alimsomea mwenye tangazo mara mbili. Mara ya pili alifumba macho. Nilimwuliza sababu wakati nilipokuwa bado mgeni pale redio, akanijibu kama mtu anayeeleza jinsi ya kuwasha moto. "Muntu anayetusikiliza hakukaa kwenye kiti, mwanangu. Anatwanga mihogo, mutoto analia, upepo unapiga bati. Kama atashika maneno matatu tu, ashike yale matatu yenyewe." Mimi nilikuwa nimesoma uandishi wa habari Lubumbashi, na hakuna mwalimu aliyeniambia jambo hilo.

Wakati watu walipokimbia mapigano upande wa Nyunzu, foleni ya dirisha lake ilifika barabarani. Walikuja kutafuta watoto waliopoteana nao porini. Kulikuwa na bibi mmoja aliyerudi kila Jumatatu, miezi na miezi, na komunike ileile ya mjukuu wake mwenye kovu juu ya jicho. Sisi wengine tulikuwa tumechoka naye. Mama hakuwahi kumsomea tangazo lake kwa maneno yaleyale. Wiki hii alianza na kovu, wiki nyingine alianza na jina la mama wa mtoto, wiki nyingine na wimbo ambao mtoto alipenda kuuimba. Alisema sikio linazoea, kama mguu unavyozoea jiwe ndani ya kiatu, na likishazoea halisikii tena. Mjukuu hakupatikana. Bibi aliacha kuja, na hatukujua kama alikuwa amehama au amekufa. Hakuna aliyeleta komunike yake.

Mama mwenyewe alipofiwa na mume wake, aliyefanya kazi kwenye reli, alikuja redio asubuhi ileile. Alijiandikia, akajisomea mara mbili, akaingia studio. "Papa wa nyumba yangu amekufa. Kilio iko kwetu. Wanaojua njia waje." Basi. Wafanyakazi wenzetu walinong'ona kwamba hakumpenda. Mimi nilimwona alipotoka studio: alisimama kwenye korido, mkono mmoja ukutani, muda mrefu, kabla ya kurudi dirishani kwake.

Nyumbani kwake hapakuwa na redio. Alikuwa na kicheza kaseti cha zamani, na ukipita asubuhi ya Jumamosi ulisikia rumba hadi barabarani na ulimwona akifagia kwa kuzunguka, fagio limeshikwa kama mwenzake wa kucheza. Nalisema hili mapema kwa sababu, baada ya ugomvi wa festivali, watu walimfanya adui wa muziki. Hakuwa hivyo hata kidogo. Alijua magitaa kwa kuyasikia tu. Alikuwa akinikosoa nikitaja vibaya jina la mpigaji.

Festivali ilianza kama jambo dogo, jukwaa la mbao kwenye kiwanja cha kando ya ziwa na bendi za hapa kwetu. Baadaye wakaja wanamuziki kutoka Lubumbashi, kutoka Bujumbura, kutoka Kigoma ng'ambo ya maji. Wakubwa wa Kinshasa wakaanza kuipenda. Ndipo amri ikatufikia: redio itarusha festivali yote moja kwa moja, siku tatu, na Kinshasa itatupokea na kuturusha nchi nzima.

Kwa redio kubwa hilo si neno. Sisi tulikuwa na gari moja, fundi mmoja anayeijua kazi, na jenereta moja kwa siku ambazo umeme haupo. Gari, fundi, jenereta na mazutu yake yote, dizeli ya kuiwashia, vilihamia kiwanjani. Mazutu yale yangetosha kusoma komunike kwa miezi, wala sitii chumvi. Katika mkutano wa matayarisho mkuu wa redio alitangaza kwamba kwa siku hizo tatu vipindi vingine vyote vitasimama.

Mama aliinua mkono. "Na komunike?"

Mkuu hakuwa mtu mbaya, na hoja zake zilikuwa za kweli. Alisema nchi nzima inaijua Kalemie kwa vita, mafuriko na kipindupindu, na kwamba siku tatu kwa mwaka watu wasikie kwamba huku pia tunaimba. Alisema wasanii wetu hawana mahali pengine pa kusikika. Alisema redio isiyokuwa na sherehe husahaulika hata na wale wanaoilipa.

"Ni kweli, Shefu," Mama akasema. "Muziki si mubaya. Lakini redio iko na mudomo moja. Ikiimba, haisemi."

"Ni siku tatu tu, Mama."

"Watu wanakufa kila siku, Shefu. Hata hizo tatu."

Wengine tukacheka. Mimi nilicheka zaidi, kwa sababu mimi ndiye niliyechaguliwa kuongoza matangazo kutoka jukwaani, na nilikuwa nimeshamwambia fundi cherehani anishonee shati.

Siku ya pili ya festivali, Jumamosi, mwanamke mmoja alikuja asubuhi kwenye dirisha. Dada yake mkubwa alikuwa ameletwa kutoka Mpala kutibiwa, akakaa kwake wiki mbili, na alfajiri ile amekufa. Marehemu alikuwa na mtoto mmoja tu, mwanamume, aliyebaki Mpala. Simu haishiki kijijini kwao, lakini redio yetu ilifika vizuri. Kama angesikia mchana, angepata boti ya usiku na angefika kabla ya mazishi. Kungoja zaidi ya Jumapili haikuwezekana, kwa sababu joto lilikuwa kali na hospitali haikuwa na ubaridi wa kutunzia maiti.

Mama aliandika. Alipokwenda studio akakuta imefungwa, funguo anazo fundi. Akatoka kwa miguu, na jua lile, mpaka kiwanjani. Nilimwona akipenya katikati ya watu na karatasi mkononi. Bendi moja ilikuwa imemaliza na nyingine inafunga nyaya. Nikashuka.

"Soma hii," akaniambia. "Haijafika hata nusu dakika."

Nikasoma kimoyomoyo. Mama Veronika wa Mpala amefariki leo alfajiri, Kalemie. Mwanawe Stefano apande boti ya usiku huu. Mazishi ni kesho Jumapili, saa tisa.

Nilikwenda kwa mkuu, aliyeketi chini ya hema na wageni. Aliisoma, akapumua kwa nguvu, akapangusa uso. "Si leo," akasema. "Kinshasa wanatuchukua sasa hivi. Siwezi kuingiza kilio katikati ya sherehe. Kesho asubuhi, kabla hatujaanza."

"Kesho boti itakuwa imeshaondoka, Shefu."

"Nimesema kesho."

Nikarudi kumwambia Mama. Hakubishana. Aliniuliza jambo moja. "Mikro iko mukononi mwa nani?"

"Mwangu, Mama."

"Haya," akasema, akageuka kurudi mjini.

Niliiweka karatasi katika mfuko wa shati lile jipya. Ningependa kusema nilisahau, lakini sikusahau. Kila nilipoinama kuongea na mwanamuziki niliisikia ikikwaruza kifuani. Asubuhi ya Jumapili matangazo yalianza moja kwa moja na kwaya, hakuna aliyeniuliza, na mimi sikumkumbusha mtu. Mama Veronika alizikwa saa tisa. Nilisikia baadaye kwamba Mama wa Komunike alikwenda makaburini, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa watu wa dirishani, na kwamba watu waliokuwepo hawakufika kumi.

Alhamisi kijana mmoja mrefu alikuja redio, amenyoa kichwa. Nilikuwa ndani ya chumba cha Mama, nimekuja kutafuta maneno ya kumwambia na sijayapata. Kijana alisalimia kwa adabu, akajitaja. Alikuwa Stefano wa Mpala. Alikuwa amefika jana yake kwa boti na unga na kuku wawili, akijua anakuja kumtazama mama yake mgonjwa. Hospitali wakamwelekeza kwa mama yake mdogo, na huko ndiko alikoambiwa.

Hakuja kugomba. Alitaka kujua tu. "Mama mudogo anasema alileta komunike hapa. Nilikuwa nauliza ilipita siku gani, saa ngapi. Maana kwetu redio haikuzimwa."

Mama aliweka kalamu chini.

"Tulisikiliza yote, siku zote tatu," kijana akaendelea. "Tulinunua mabuye mapya, betri za redio, kwa ajili ya festivali. Siku ya Mungu tuliitoa inje, kijiji nzima tukacheza. Labda komunike ilipita wakati nilienda kuoga ziwani? Nilienda asubuhi, sikukawia."

Alikuwa anatafuta kosa lake. Nilimwomba Mungu Mama amwambie ndiyo, ilipita wakati ule. Ingekuwa rahisi kwetu sote.

"Haikupita," Mama akasema. "Niliandika, haikusomwa. Kosa si yako."

Kijana akaitikia kwa kichwa, polepole. "Walimuzika saa ngapi?"

"Saa tisa."

"Siku ya Mungu, saa tisa." Aliangalia mikono yake. "Nilikuwa nacheza, Mama."

Halafu akaomba komunike iandikwe kwa ajili ya mke wake kule Mpala, waanze kilio. Mama alichukua kalamu. Akamwuliza jina la marehemu, ambalo alikuwa ameliandika kwa mkono wake siku tano zilizopita. Akamwuliza kijiji. Kijana akajibu. Nilitoka kabla hajaanza kumsomea. Saa saba mchana aliisoma hewani kwa sauti yake ya siku zote, na matangazo ya boti na mbuzi yakafuata.

Sikumwomba Mama msamaha. Nilijaribu mara moja, tukiwa tunangoja mvua iishe mlangoni. Akanikatiza. "Usinipatie mimi. Mimi sikufiwa." Hakulitaja tena, na hakunitenga. Alinigawia ndagala kama zamani. Ningependelea anitukane.

Aliandika barua kwa wakubwa wa Kinshasa, kwa Kifaransa, jioni kadhaa mfululizo, na kamusi iliyochanika pembeni. Hakuomba festivali ifutwe. Aliomba nusu saa kwa siku, mchana, muziki usimame na komunike zisomwe, na mazutu kidogo yabaki studio. Mkuu wetu aliipeleka, na namheshimu kwa hilo. Jibu lilichukua miezi. Lilikuja katika katoni: fulana na mabango ya festivali ya mwaka unaofuata, ambayo sasa ingekuwa ya siku tano. Tulipekua katoni hadi chini tukitafuta barua. Mama alichukua fulana moja, akaipima begani. "Inanifaa kwa shamba," akasema.

Na mwaka huo uliofuata, jioni ya kwanza, nikiwa jukwaani tena, nilimwona. Alikuwa mbele kabisa, kitenge kimefungwa vizuri kiunoni, anacheza rumba, macho yamefumbwa kama alipowasomea watu matangazo yao. Nilishangaa, na nikakasirika kidogo, kana kwamba alikuwa na wajibu wa kuhuzunika kwa niaba yangu. Kesho yake asubuhi nilimkuta bironi kwa mkuu akidai nusu saa yake. Alipotoka mikono mitupu nikamwambia, "Mama, jana nilikuona unacheza."

"Wanacheza vizuri wale watoto," akasema. "Na leo muntu mwingine wa Mpala amekufa. Yote mbili ni kweli. Ulitaka niseme nini?"

Alidai nusu saa hiyo kila mwaka, na kila mwaka sauti yake ikapungua. Mwaka mmoja hakuinua mkono. Nilingoja mkutano wote. Mkuu mwenyewe alimtazama kama anayengoja. Mama alikuwa anatazama dirishani, anatafuna.

Baadaye kifaa kimoja cha mtambo wa kurushia kiliungua, na sauti yetu ikawa haivuki milima ya karibu. Maombi ya kifaa kipya yalikwenda Kinshasa na hayakurudi. Mwaka uleule tuliletewa gari jipya la matangazo ya nje, limechorwa gitaa ubavuni, kwa ajili ya festivali. Komunike zikawa mara moja kwa siku, halafu zikabandikwa ukutani, halafu watu wakaambiwa wazitume kwa simu. Chumba cha Mama kikajazwa nyaya na masanduku ya spika. Aliondoka siku ya kazi ya kawaida, bila karamu, na sakoshi yake.

Mwaka jana mkuu wetu mpya, bado kijana, alipata wazo la kuwaheshimu watumishi wa zamani juu ya jukwaa la festivali. Kila mmoja dakika tano na zawadi ya kitenge. Akanituma kwa Mama wa Komunike.

Nilimkuta uani, mtaa wa juu ya stesheni, akichambua ndagala waliotandazwa kwenye wavu. Alikuwa amekonda. Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Nitasema nini hizo dakika tano?"

"Unachotaka, Mama. Wangefurahi ukiwashukuru wanaofadhili."

"Mpala watanisikia?"

Nikamwambia ukweli: mtambo haujatengenezwa, na festivali siku hizi inaonyeshwa kwenye simu. Mpala hawasikii kitu, komunike wala muziki.

Aliokota samaki mmoja aliyeoza, akamtupa. "Basi tulibishana bure," akasema, bila uchungu, kama mtu aliyekuta duka limefungwa. "Gari litakuja saa ngapi?"

"Saa nane."

"Nitakuwa tayari."

Gari lilimleta kweli, mchana wa siku ya mwisho. Alikuwa amevaa vizuri, amesukwa upya. Alikuwa mzee pekee aliyeitikia mwaliko. Wengine walikuwa wagonjwa au wamekufa. Nikamketisha kwenye kiti cha plastiki nyuma ya jukwaa na kumwambia ataitwa baada ya bendi ya tatu. Lakini mgeni mmoja wa serikali alichelewa kufika, kisha hotuba yake ikawa ndefu, na mkuu akaanza kukata ratiba. Akanionyesha karatasi, mstari mmoja umepigwa kalamu.

"Na Mama?" nikauliza.

"Mwambie mwakani. Kitenge tutampelekea nyumbani."

Nilitazama nyuma ya jukwaa. Alikuwa ameketi wima, mikono juu ya magoti, midomo inacheza kidogo. Alikuwa anajisomea atakayosema. Mara ya pili akafumba macho.

Sikushuka. Nilijiambia nitakwenda baada ya bendi hii, kisha baada ya ile. Jua lilikuwa linaelekea milimani nilipomwona anainuka, anakung'uta nguo, anawaaga vijana wa nyaya kwa mkono, mmoja mmoja. Akatoka kwa upande wa barabara, kwa miguu, polepole. Mikro nilikuwa nayo mimi. Nikalitaja jina la bendi iliyofuata, na watu wakapiga makofi. Nilipogeuka tena, kiti chake alikuwa amekikalia mpiga besi, ameinama anafunga kamba za viatu.